Kusubiri kulungu dunguni majira ya kupandana: naomba mwongozo kabla ya safari ya Wisconsin

Mfuata Nyayo (Moshi)

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu nawasalimu.

Kwa miaka 11 nimefanya kazi ya kufuata nyayo katika kambi za uwindaji wa kitalii, kwanza kwenye vitalu vya kusini na baadaye Umasaini. Muda wote huo kazi yangu imekuwa ya miguu: kumtangulia mwindaji bingwa na mgeni wake, kusoma mchanga, nyasi zilizolala na kinyesi kibichi, hadi nimfikishe mgeni mahali anapoweza kulenga. Mmoja wa wageni hao, mzee mkulima kutoka jimbo la Wisconsin nchini Marekani, hajaacha kuniandikia tangu aliporudi kwao, na mwaka huu amenialika nikae naye kuanzia mwanzo hadi katikati ya Novemba, wakati yeye na wanawe wanapowinda kulungu kwa upinde katika msitu uliopakana na shamba lao la mahindi.

Jambo linalonitatiza ni kwamba kule, kwa maelezo yake, hakuna anayemfuata mnyama aliye mzima. Mwindaji hupanda mtini gizani, hukaa kwenye kijukwaa cha chuma kilichofungwa kwenye shina, mfano wa dungu tunalojenga shambani kulindia mahindi dhidi ya ngedere, na hungoja hapo hadi kulungu apite karibu, umbali usiozidi mita 25. Anasema huo ndio wakati wa madume kutafuta majike, na kwamba dume ambaye mwaka mzima hajaonekana mchana hupita mbele ya macho ya watu bila hadhari aliyokuwa nayo miezi yote.

Naomba wenye uzoefu wanieleze kwa kirefu. Kwa nini kukaa kushinde kutembea, hasa kwa mtu ambaye riziki yake ni nyayo? Kwa nini iwe Novemba? Na la tatu, ambalo ndilo linaloninyima usingizi: nimewafuata hadi usiku wa manane wanyama waliojeruhiwa kwa risasi iliyopigwa vibaya, na sijasahau hata mmoja wao. Je, mshale usio na sumu unaua upesi, au nitakwenda kutazama mateso?

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Ndugu Mfuata Nyayo, nilikaa Wisconsin miaka mitano kimasomo, na katika minne kati ya hiyo niliwinda kulungu kwa upinde kila ilipofika majira ya majani kupukutika. Nitajibu swali la kwanza, kwa sababu ndilo lililonisumbua mimi pia.

Fikiria kwanza ukubwa wa ardhi. Kitalu ulichozoea kina mamia ya kilomita za mraba, na mnyama akikukimbia leo, kesho bado yumo kitaluni. Msitu wa mwenyeji wako huenda ni ekari 40 au 80, umezungukwa na ardhi za watu wengine ambamo huna ruhusa ya kukanyaga. Ukiutembea mara moja tu, ukiacha harufu yako kwenye kila kichaka, umewafukuzia kulungu wote kwa jirani. Tena mwezi huo ardhi imefunikwa na majani makavu ya mialoni, na kila hatua inasikika mbali sana. Hata wewe uliyezoea kukanyaga kimya hutaweza kumkaribia kulungu hadi mita 20 kwa miguu ila kwa bahati kubwa.

Halafu kuna jambo lililo kubwa kuliko hayo. Katika majira ya kupandana anayetembea ni dume. Siku za kawaida hutoka jioni kula, hurudi alfajiri kulala, na eneo lake ni dogo. Lakini majike wanapokaribia kuingia kwenye joto, yaani kuwa tayari kupandwa, dume huanza kuzunguka mchana kutwa kutoka kichaka hadi kichaka akinusa. Huacha kula, na hadi majira yanapokwisha dume mkubwa anaweza kuwa amepoteza hata robo ya uzito wake. Mkitembea wote wawili mtapishana. Ukikaa mahali anapopaswa kupita, miguu yake inafanya kazi uliyozoea kufanya wewe.

Kwa hiyo ujuzi wako wa nyayo hautapotea, bali utautumia kabla ya kupanda mti. Omba mwenyeji akutembeze msituni mara moja, mchana, siku yenye upepo au mvua, na utafute vitu viwili. Cha kwanza ni vichaka wanakolala majike, maana dume anawafuata wao. Cha pili ni mahali ambapo ardhi yenyewe inawalazimisha wanyama kupita pamoja: ukanda mwembamba wa miti unaounganisha misitu miwili, kona ya mto, pengo la ua, shingo ya bonde. Utaona pia miti midogo iliyochunwa magome kwa pembe, na sehemu ambazo dume amekwangua majani hadi udongo chini ya tawi linaloning'inia usawa wa uso wake. Tawi hilo hulisugua kwa paji na kwa tezi za karibu na macho, kisha hukojoa juu ya tezi za miguu yake ya nyuma ili mkojo udondoke pale alipokwangua. Wageni wengi hufurahia alama hiyo na kufunga dungu juu yake. Usifanye hivyo, kwa sababu mara nyingi dume huitembelea usiku, na siku za kukimbiza majike zikishapamba moto huisahau kabisa. Alama hiyo inakwambia kwamba yupo tu; mapito kati ya vichaka vya majike ndiyo yanayokwambia atapita wapi.

Sasa upepo. Hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao: kulungu anaweza kutilia shaka macho yake, anaweza kutilia shaka masikio yake, lakini pua yake haibishani nayo. Dume mzoefu haingii kichakani kuangalia majike mmoja mmoja. Hupita pembezoni, upande ule upepo unakotokea kichakani kuja kwake, na kwa pumzi chache amejua nani yuko kwenye joto na nani bado. Basi dungu lako liwe mbali kidogo zaidi ya mstari huo, ili yeye apite kati yako na kichaka, na harufu yako iende nyuma yako, mahali ambapo hutarajii mnyama. Msitu mmoja unahitaji madungu mawili au matatu kwa ajili ya pepo tofauti, na kama leo hakuna dungu linalofaa kwa upepo uliopo, kaa nyumbani unywe chai.

Watu wa Moshi mna faida moja hapa. Mnajua jinsi hewa ya baridi inavyoteremka usiku kutoka mlimani na jinsi inavyogeuka kupanda jua likishachomoza. Kwenye vilima vidogo vya Wisconsin hali ni ileile kwa kipimo kidogo: asubuhi harufu yako hupanda na kupita juu ya vichwa vyao, jioni huteremka na kujaa mabondeni. Dungu zuri la asubuhi linaweza kuwa baya jioni kwa sababu hiyo peke yake.

Mwisho, kaa kutwa. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana wawindaji wengi huteremka kwenda kula, na ni katika saa hizo niliona madume wakubwa zaidi kuliko alfajiri. Utachoka kwa kusikia majani yakichakachaka na kugeuka ukamkuta kindi. Kindi huchakachaka bila kupumzika; kulungu hupiga hatua mbili tatu, husimama, husikiliza, kisha huendelea. Siku ya tatu utaweza kutofautisha.

Mhitimu wa Mweka

Naongeza kuhusu mwezi, kwa kuwa ni swali zuri na jibu lake lina uhusiano na mahali tulipo.

Kinachofungua majira ya kupandana kwa kulungu hawa ni kupungua kwa mwanga wa mchana. Hapa Moshi, karibu na ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote katika mwaka haifiki nusu saa. Kusini mwa Wisconsin tofauti hiyo inazidi saa 6, na unapofika Novemba mchana umebaki saa 10 hivi, jua likizama kabla ya saa 11 jioni. Mwili wa mnyama huisoma saa hiyo kwa usahihi, ndiyo maana kilele huangukia karibu siku zilezile kila mwaka, katikati ya Novemba, iwe kuna baridi au kuna joto. Baridi huongeza tu matembezi ya mchana, kwa sababu kulungu amekwisha kuota manyoya mazito ya majira ya theluji na siku ya joto humchosha. Katika baadhi ya majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako majira ya baridi si makali, kupandana huko huweza kuchelewa hadi Januari.

Sababu ya usahihi huo ni watoto. Mimba huchukua siku 200 hivi, kwa hiyo jike aliyepandwa katikati ya Novemba huzaa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, majani mabichi yakiwa tele na theluji ikiwa bado mbali. Jike huwa kwenye joto kwa muda wa siku moja au moja na nusu tu. Asiposhika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 28 hivi, na ndiyo maana Desemba huonekana msisimko wa pili ulio mdogo. Linganisha na swala pala wetu wa kaskazini, ambao huweza kuonekana na watoto katika miezi mingi ya mwaka.

Kutokana na hilo jiandae kwa siku za ukimya. Dume akishampata jike aliye tayari hukaa naye kichakani siku nzima au zaidi bila kutembea, na hilo likitokea kwa madume wengi kwa pamoja, msitu huonekana mtupu. Ukimwona jike peke yake anapita akitazama nyuma, usimwangalie yeye, tazama alikotoka.

Nisahihishe pia jina, kwa faida ya wasomaji. Kulungu huyu wa mkia mweupe, ambaye ni jamaa wa ayala wa Zaburi ya 42, hana ndugu wa porini katika nchi yetu. Pongo tunayemwona kwenye msitu wa Kilimanjaro ni wa ukoo mwingine: pembe zake ni za maisha. Za kulungu ni mfupa mtupu unaoota upya kila mwaka ukiwa umefunikwa na ngozi laini, hukomaa mwishoni mwa Agosti au Septemba, na huanguka baada ya majira ya kupandana, kati ya Desemba na Machi. Mwenyeji wako huenda ana ndoo nzima ya pembe alizookota.

Kiongozi wa Mlima (Marangu)

Mangi, waliotangulia wameizungumzia pua ya kulungu. Mimi naomba kuuzungumzia uti wako wa mgongo.

Kazi yangu ni ya mlimani, na kamba na hanesi, ile mikanda ya kujifunga mwilini, navijua kwa mikono yangu. Dungu la mtini huwa mita 5 hadi 6 kutoka ardhini, na kuanguka kutoka urefu huo kunavunja mgongo wa mtu. Wengi hawaanguki wakiwa wamekaa. Huanguka wakipanda, wakishuka, na hasa wakivuka kutoka kwenye ngazi kwenda kwenye jukwaa. Kwa sababu hiyo kujifunga ukishafika juu ni kuchelewa. Mwambie mwenyeji wako afunge kamba ya usalama kutoka juu ya dungu hadi chini kabisa, yenye fundo la Prusik, ambalo huteleza ukilisukuma taratibu kwa mkono na kung'ang'ania kamba likivutwa ghafla. Jifunge ukiwa bado umekanyaga ardhi, usijifungue hadi umekanyaga ardhi tena. Juu, mkanda wa hanesi ufungwe kwenye shina usawa wa kichwa chako au zaidi, ukiwa mfupi kiasi kwamba ukikaa haulegei.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii: kuning'inia. Hanesi ikikushika na ukabaki unaning'inia bila kusogeza miguu, damu hukwama mapajani na mtu huweza kuzimia baada ya dakika chache. Chukua kitanzi cha kamba cha kukanyagia, kiwe mfukoni mwa mbele, na simu iwe mahali ambapo mkono mmoja unafika. Mwenyeji ajue uko mti gani na utashuka saa ngapi.

Upinde usipande nao. Uache chini ukiwa umefungwa kwenye kamba nyembamba, mishale ikiwa imefunikwa ndani ya podo, na uuvute ukishajifunga juu. Vigumba vya mishale hiyo ni wembe kamili. Kagua pia mikanda inayoshikilia dungu lenyewe, kwa kuwa iliyoachwa nje mwaka mzima huliwa na jua, kindi huitafuna, na mti unaponenepa huikaza hadi ikakatika.

Kuhusu baridi, usidhani kwamba kwa kuwa umewahi kulala Kibo umeshaizoea. Kibo unatembea. Dunguni unakaa saa 10 bila kutikisika katika nyuzi joto karibu na sifuri, na jasho ulilotoka wakati wa kwenda ndilo litakalokugandisha. Tembea kuelekea mtini ukiwa umevaa kidogo, koti liwe begani, ulivae ukifika. Nguo ya ndani isiwe ya pamba. Sweta za sufu utazipata pale soko la Memorial kwa bei ya kawaida ukiwa na subira ya kuchambua. Viatu vizidi saizi moja, maana soksi zilizobanwa huzuia damu na vidole huanza kufa ganzi. Na kabla ya kuondoka fanya mazoezi ya kuvuta upinde ukiwa umevaa nguo zote hizo, kwa sababu upote ukigusa mkono wa koti, mshale unapotoka hata kama umelenga sawasawa.

Mfuata Nyayo (Moshi)

Nawashukuru sana. Nimeyachapisha maelezo haya yote na nimeanza kuyapigia mistari. Lakini swali la tatu bado, na ndilo zito. Nilipokuwa mtoto nilipiga ngedere kwa upinde wa mti shambani kwa babu, na sikumbuki mnyama aliyeanguka palepale. Mwenyeji ataniazima upinde wa kisasa wenye kapi. Je, huo una tofauti gani, na mshale wake unafanya nini hasa mwilini mwa mnyama?

Mzee wa Karatu

Marahaba wanangu. Nimekulia njia ya kuelekea Ziwa Eyasi na nimewatazama Wahadzabe tangu utotoni, kwa hiyo nina neno.

Kwanza, kungoja si ugeni kwetu. Mwishoni mwa kiangazi, maji yanapobaki kwenye visima vichache, Wahadzabe hujificha usiku karibu na maji na kumngoja mnyama, na wao pia huanza kwa kupima upepo. Pili, kwa mnyama mkubwa wanatumia sumu ya mimea, mmojawapo ukiwa ule wa maua mekundu unaoitwa waridi la jangwani. Sumu hiyo ndiyo inayoua. Mshale ni wa kuifikisha tu. Ndiyo maana wakishapiga hawamkimbilii mnyama, huondoka na kurudi baadaye kufuata nyayo. Huko unakokwenda mshale wa wawindaji hauna sumu, kwa hiyo kigumba chenyewe lazima kifanye kazi yote.

Wamarekani hawa wanaowinda kwa upinde wanaanzia mbali kidogo na karibu kidogo na sisi. Daktari Saxton Pope wa California alifundishwa upinde na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, wenyeji asilia wa huko, aliyefariki mwaka 1916. Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young walikuja hapa Tanganyika kuwinda kwa upinde, simba wakiwemo, na wenzao walisimama nyuma na bunduki kwa usalama. Kulungu hana haja ya bunduki nyuma yako, lakini anahitaji uwe na hakika kabla ya kuachia.

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Shikamoo mzee, na asante. Umenifungulia mlango wa nililotaka kusema.

Risasi huua kwa kishindo na kupasua. Mshale huua kwa kukata: kigumba chenye makali mawili au matatu kikipita katikati ya mapafu yote mawili, damu hutoka kwa kasi na mapafu hujaa, na kulungu kwa kawaida huanguka ndani ya sekunde chache, mara nyingi kabla ya kufika mita 100. Wengine hukimbia kidogo, husimama kama wasiojua kilichotokea, kisha hulala. Hayo ni ukipita mahali hapo. Ukipita pengine, mshale ni mbaya kuliko risasi, na siwezi kukuficha hilo.

Upinde wenye kapi uligunduliwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Faida yake ni kwamba uzito wa kuvuta hupungua ukishauvuta hadi mwisho. Upinde wenye uzito wa kuvuta wa kilo 22 ambao hupunguza asilimia 80 unakuachia kama kilo nne na nusu tu mkononi, kwa hiyo unaweza kushikilia na kungoja dume atoke nyuma ya shina. Hata hivyo uvute wakati kichwa chake kimefichwa na mti, kwa sababu mjongeo huo ndio atakaouona.

Usipige anayekutazama uso kwa uso, wala anayeelekea kwako. Ngoja awe ubavu, au awe ameanza kukupa mgongo kidogo, na ulenge nyuma tu ya bega. Ukiwa juu, jiulize mshale utatokea wapi upande wa pili, wala usifikirie unapoingilia tu. Aliye chini kabisa ya mti wako ni mgumu kuliko aliye mita 15 au 20, kwa maana kwa mwinamo mkali unapata pafu moja, na kulungu mwenye pafu moja anaweza kwenda mbali sana. Pinda kiunoni, usiteremshe mkono peke yake.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa uitie akilini. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, mshale kama 85. Kwa mita 30, mlio wa upote humfikia kulungu baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hivi, na mshale hufika robo sekunde baadaye. Katika robo sekunde hiyo kulungu aliyeshtuka huinama ili apate kuruka, na mshale hupita juu ya moyo, au juu yake kabisa. Mkulima atakufundisha kumsimamisha dume anayetembea kwa kutoa sauti ya "mee". Sauti hiyo humsimamisha kweli, lakini pia humwamsha, kwa hiyo itumie akiwa karibu tu. Mimi nilijiwekea mpaka wa mita 20.

Mpaka huo ulitokana na kosa. Msimu wangu wa kwanza nilimpiga dume mita 33, akiwa anatembea, na alipokimbia nilimwona amekunja mgongo na mkia umeshuka. Mshale niliouokota ulikuwa na uchafu wa kijani na harufu ya tumbo. Badala ya kuondoka kimya, niliteremka na kumfuata palepale. Nilimwinua mara mbili kutoka alipolala. Tulimpata kesho yake mchana, ng'ambo ya mto, na nyama yote ilikuwa imeharibika. Bado ninamkumbuka.

Kwa hiyo jambo la kwanza baada ya kuachia ni kutazama alipopita mwisho na kukaa. Damu ya rangi ya waridi yenye povu ni ya mapafu: ngoja nusu saa. Damu nyekundu iliyokolea bila povu huenda ni ya ini: ngoja saa 4 hadi 6. Ukiona kijani au ukinusa tumbo, shuka bila kelele, uondokee upande mwingine, urudi baada ya saa 8 hadi 12. Mnyama huyo akiachwa atalala ndani ya mita mia chache, akifukuzwa hatapatikana. Na hapo, ndugu yangu, ndipo wenyeji wako watakapokuhitaji kuliko wewe utakavyowahitaji wao. Kijana wa kule amekua akisoma damu juu ya majani. Hajakua akisoma mchanga, jani lililogeuzwa, umande uliopanguswa. Nilimpoteza kulungu mmoja mwaka wangu wa tatu mahali ambapo damu ilikatika, na nina hakika mtu wa kazi yako angempata.

Dada wa Usa River

Kaka Mfuata Nyayo, mimi niliishi huko na familia yangu, na kazi yangu ilikuwa jikoni zaidi kuliko msituni, lakini kuna mambo ambayo wanaume wameyaruka.

Leseni ya asiye mkazi hutolewa na idara ya maliasili ya jimbo, na Wisconsin inamtaka kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1973 awe amepita mafunzo ya uwindaji, au awe chini ya uangalizi wa karibu wa mwindaji mwenye leseni kwa taratibu walizoweka. Mwenyeji aanze kulishughulikia mapema. Siku 9 za bunduki huanza Jumamosi ya kabla ya sikukuu yao ya kushukuru, na siku hizo hata mwenye upinde hulazimika kuvaa rangi ya kung'aa. Ukibakiza siku za safari ukumbuke hilo.

Kulungu wa huko wana ugonjwa wa kukonda unaoharibu ubongo, ambao katika jimbo la Wisconsin uligunduliwa mwaka 2002. Hauna tiba wala chanjo, na mnyama anaweza kuwa nao bila kuonyesha dalili. Kwa sababu hiyo kuweka chambo cha mahindi ni marufuku katika sehemu nyingi za jimbo, maana kulungu hukusanyika na kuambukizana kwa mate. Idara hupima tezi za shingo bila malipo. Sisi tuliigandisha nyama ikiwa na alama ya namba, na hatukuipika hadi majibu yalipokuja. Wakati wa kuchuna vaa glavu, usikate uti wa mgongo wala kichwa bila sababu.

Na hapa nyumbani usijaribu upinde wako kwa digidigi wala kwa kanga. Bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nawe kwa kazi yako unalijua hilo kuliko mimi.

Mfuata Nyayo (Moshi)

Dada yangu, nakuhakikishia sitagusa hata kanga. Nimemwandikia mwenyeji wangu jana usiku kuhusu kamba ya usalama kutoka chini, kuhusu dungu la pili kwa ajili ya upepo wa kusini, na nimemwambia wazi kwamba sitaachia mshale zaidi ya mita 20. Amenijibu asubuhi kwamba atafurahi pia nikikubali kuwafuatilia kulungu watakaopigwa na wanawe, na nimekubali kabla sijamaliza kusoma ujumbe.

Jirani yangu ana nyumba ya ghorofa ambayo haijaezekwa. Nimejaza gunia la mkonge kwa vitambaa, nimechora duara nyuma ya mahali pa bega, na Jumamosi nitaanza kupiga kutoka juu kwa upinde wa mazoezi nilioazimwa.

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Umefanya vizuri. Pima umbali kutoka chini ya ukuta hadi kwenye gunia, si kutoka ulipo wewe juu, kwa sababu mshale hushuka kulingana na umbali wa ardhini. Weka gunia moja mita 10, jingine 15, jingine 20, na uyageuze pembe kila siku ili usizoee ubavu mmoja. Na kabla ya kuvuta, kaa juu ya kigoda saa nzima bila kupiga, kisha uinuke taratibu na upige mshale mmoja tu. Huo mmoja wa kwanza, mwili ukiwa umepoa, ndio utakaoupiga kule.